Macho Mekundu

Katika Kiswahili mnyonya damu hajapata kuwa na jina zuri. Kunguni, kiroboto, mbu, ruba na kupe wote tunawajua, na sijasikia mtu aliyewatungia wimbo wa mapenzi. Kwa hiyo mjukuu wangu aliye kidato cha tatu alipoandika kurasa sita za daftari kumsifu mnyonya damu aliyemkuta vitabuni, niliona kuna jambo la kutafakari. Vijana wetu husoma hadithi zilizotungwa mbali sana na Bariadi, lakini huzisoma wakiwa hapa hapa, na hapa pana historia yake. Makala hii ni juu ya kukutana kwa mambo hayo mawili.

Vitabu vyenyewe ni vinne. Viliandikwa na mama mmoja wa Marekani, Stephenie Meyer, vikatoka mwaka 2005, 2006, 2007 na 2008. Cha kwanza kinaitwa Twilight, na mfululizo mzima hujulikana kwa jina hilo. Zimeuzwa zaidi ya nakala milioni 100 duniani, zikatengenezwa filamu tano kati ya mwaka 2008 na 2012. Nakala zilizomfikia mjukuu wangu zilikuwa zimepita mikono mingi. Moja ilikuwa haina jalada, na nyingine ilishonwa kwa uzi wa gunia. Kwa mwalimu, kitabu kilichochakaa namna hiyo ni ushahidi kwamba kimesomwa kweli.

Kisa ni hiki. Bella, msichana wa miaka 17, anahamia kwa baba yake katika mji mdogo wa Forks, jimbo la Washington, mahali penye mvua na mawingu karibu mwaka mzima. Shuleni anakutana na kijana mzuri wa sura, Edward, mwenye mikono baridi kama maji ya mtungini. Edward si binadamu tena. Alizaliwa Chicago mwaka 1901, akaugua ile homa kubwa ya mafua ya mwaka 1918 iliyoua mamilioni ya watu duniani, na alipokuwa anakata roho akageuzwa kiumbe asiyekufa anayeishi kwa damu. Yeye na jamaa zake wamejizuia: hawagusi damu ya watu, huwinda wanyama tu. Vitabu vyote vinne vimejengwa juu ya shida hiyo moja, kwamba anayempenda msichana ndiye huyo huyo anayetamani damu yake.

Mjukuu wangu alimsimulia bibi yake kisa hiki kwa Kisukuma, jikoni, na bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba haoni ajabu kubwa: mtu akinywa damu ya mnyama, si ni kama Wamasai wanaomtoga ng'ombe shingoni na kuinywa? Akauliza tu kama huyo kijana anafuga, au anategemea porini. Mjukuu hakuwa na jibu, maana mwandishi hakulifikiria hilo.

Nirudi kwenye kurasa sita. Mambo aliyoyaandika yalikuwa matatu.

La kwanza lilikuwa ugeni. Bella ni mgeni shuleni, hana uzuri wa kupita kiasi wala ufasaha, na huanguka anguka ovyo. Mjukuu wangu naye alipelekwa bweni akiwa hamjui mtu, na aliandika kwamba katika miezi ile ya kwanza kitabu kilimpa rafiki. Hilo nalielewa. Watoto wengi wa Usukuma wamepata rafiki yao wa kwanza wa ugenini katika kitabu.

La pili lilikuwa mashaka yake. Edward huingia chumbani kwa Bella usiku kupitia dirishani na kumtazama akiwa amelala, bila kumwomba ruhusa. Mjukuu aliandika kwamba kijana wa hapa akifanya hivyo utapigwa mwano, kijiji kizima kitatoka na fimbo, na hakuna atakayeuliza kama alikuwa na mapenzi ya kweli. Akaongeza kwamba mchumba aliyezaliwa mwaka 1901, Mjerumani akiwa bado anatawala hapa kwetu, ni wa rika la baba wa babu yangu mimi. Nilicheka peke yangu. Mtoto anayeweza kupenda kitabu na kukikosoa katika ukurasa mmoja hana haja ya kulindwa nacho.

La tatu ndilo lililonifanya niketi vizuri. Lilihusu macho. Katika vitabu hivyo, wale wanaoua watu na kunywa damu yao huwa na macho mekundu. Wale waliojizuia, kama Edward, huwa na macho ya rangi ya dhahabu. Mjukuu alivutiwa na utaratibu huo, kwa kuwa unaondoa wasiwasi wote wa kumtambua adui. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: ukitaka kumjua mbaya, mtazame macho.

Huko Forks maneno hayo ni mchezo wa hadithi. Katika Usukuma yana makaburi.

Kabla ya kuyaeleza hayo, inafaa msomaji akumbuke mnyonya damu amepita njia gani katika nchi zetu. Wa kwanza kukumbukwa ni mumiani. Neno hilo lilitufikia kutoka Mashariki, na awali lilikuwa jina la dawa. Kamusi ya Kiswahili ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, inaieleza kuwa kitu cheusi mfano wa utomvu, ambacho watu walidhani kimetengenezwa kwa damu. Baadaye jina likahama kutoka kwenye dawa likamwendea mtu anayedhaniwa kuitafuta hiyo damu. Katika zama za ukoloni uvumi ulienea Afrika Mashariki yote kwamba kuna watu wa serikali wanaokamata Waafrika na kuwatoa damu. Kenya na Uganda walisemwa wazimamoto na magari yao mekundu. Kwetu tulisema mumiani au chinjachinja. Mwaka 1947 kule Mombasa umati ulishambulia kituo cha zimamoto kwa sababu ya uvumi huo. Sisi wenyewe utotoni tulikatazwa kutembea peke yetu jua la utosini, na kila gari lililosimama njiani bila sababu lilitutimua mbio mpaka nyumbani.

Uvumi ule haukuwa kweli. Hata hivyo, haukuzuka pasipo chanzo. Watu walikuwa wameona wenzao wakichukuliwa kwenda kufanya kazi za lazima, wengine wasirudi. Walikuwa wamepangwa mistari na kutobolewa vidole ili kupimwa malale, pasipo kuelezwa damu ile inakwenda wapi. Serikali iliyochukua bila kueleza ilipewa na wananchi maelezo yao wenyewe.

Baada ya Uhuru mnyonya damu akapata sura nyingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitangaza kwamba nchi ya kijamaa haina unyonyaji, na sisi tuliokuwa vyuo vya ualimu miaka ya mwanzo ya 1970 tulijifunza kusema mnyonyaji, kupe na kukata mirija kama tulivyojifunza kuandika andalio la somo. Maneno hayo yalikuwa na kazi ya haki, maana walikuwapo waliokula jasho la wengine, na mkulima wa pamba wa Bariadi hakuhitaji kufafanuliwa. Lakini picha ya kupe ina hatari yake. Kupe haulizwi shauri. Hubanduliwa na kukanyagwa. Katika vinywa vya baadhi ya watu neno hilo liliwaangukia jirani zetu wenye asili ya Asia kwa ujumla wao, hata yule ambaye duka lake lilikuwa debe moja la mafuta ya taa na katoni mbili za sabuni.

Sasa nije kwenye macho. Wakati huo huo tulipokuwa tukiimba habari za mirija, vikongwe wa Usukuma walikuwa wakiuawa kwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao. Walituhumiwa kuwa wachawi, na katika vijiji vingi alama ya mchawi iliyotajwa ilikuwa macho mekundu. Kwa hesabu za serikali, kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya matukio yalikuwa Usukuma, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Bariadi wakati huo ilikuwa Shinyanga. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012.

Serikali haikukaa kimya, lakini dawa yake ya kwanza ilikuwa chungu kuliko ugonjwa. Mwaka 1976 ulifanyika msako mkubwa wa watuhumiwa katika mikoa hiyo miwili, watu wengi wakakamatwa, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mambo hayo yalipojulikana, mwezi Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakuwa ameagiza mateso hayo. Walijiuzulu pia Waziri Peter Siyovelwa na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Mzee Mwinyi, aliyekuja kuwa Rais kuanzia mwaka 1985 hadi 1995 na kufariki Februari 2024, alikumbukwa kwa heshima kwa kitendo hicho, na alistahili. Kuwajibika kwa viongozi, hata hivyo, hakukuyaondoa macho mekundu vijijini.

Macho hayo yana historia yake, na mtoto wa shule anaweza kuifuata hatua kwa hatua. Nchi yetu ilikuwa na vichaka na miti. Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o zama za Mwingereza, na maelfu ya watu waliitwa kufyeka mapori ili mbung'o wasipate pa kukaa. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka. Kisha pamba ikapanuliwa, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, na kila shamba jipya lilikula miti iliyobaki. Nchi ikawa nyeupe. Kuni zikawa mwendo wa nusu siku, na mama asiye na nguvu ya mwendo huo akapikia mabua, vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi wake, katika jiko lisilo na dirisha, ni mzito na mkali. Mwanamke anayeinamia moshi huo tangu ana miaka saba mpaka ana miaka sabini atakuwa na macho mekundu. Hiyo ndiyo siri yote. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, na watu wakahimizwa kurudisha ngitili zao za asili. Miti ilirudi mahali pengi. Lakini macho ya mwanamke hayarudi kama mti.

Kuna jambo jingine la wakati ule. Katika miaka ya 1973 hadi 1976 watu walihamishiwa vijijini. Kaya zilizokuwa zimetengana kwa mashamba mapana zikajikuta ukuta kwa ukuta na watu zisiowajua. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefanya utafiti wa mauaji haya, alionyesha kwamba mabadiliko hayo yalichochea tuhuma. Mtoto akifa, ng'ombe akifa, jirani mpya alikuwa karibu wa kushukiwa. Tena kikongwe mjane alikuwa na shamba, na shamba lilikuwa na mrithi mwenye haraka. Mara nyingi aliyesema amesikia bundi juu ya paa alikuwa na hesabu ya ekari kichwani.

Nilikuwa mwalimu mkuu katika shule ya kijiji kimoja cha wilaya hii katika miaka ya 1980. Alikuwapo mwanafunzi wa darasa la sita, hodari wa hesabu, ambaye bibi yake aliuawa wiki ya mavuno. Baada ya matanga alirudi shuleni, akakaa dawati la nyuma, akawa haandiki. Nilimwuliza kwa upole shida ni nini. Alisema anaogopa kwamba watu wanasema kweli. Hakuwa analia kwa kumpoteza bibi tu. Alikuwa ameanza kujiuliza kama yule aliyemlea na kumpikia uji alikuwa kweli mnyama wa usiku. Waliomwua walikuwa wamemnyang'anya mtoto hata kumbukumbu zake. Mwisho wa muhula hakurudi.

Tumedhani mambo haya yamepita, na kila mara yanarudi na sura mpya. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 yalizuka katika Kanda ya Ziwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi bungeni akizungumzia mauaji hayo, na mwezi Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa. Hapa mambo yaligeuka kichekesho cha kutisha: wanaotafuta damu ya watu ni watu wa kawaida wenye macho meupe, na wanaowindwa ni wale wanaoonekana tofauti.

Nilimweleza mjukuu wangu habari hizi zote, siku mbili mfululizo, si kwa kumkataza kitabu chake bali kwa kumwonyesha sentensi yake imewahi kutumika wapi. Nikamkumbusha kwamba bibi yake aliyemsimulia hadithi jikoni ana macho mekundu. Alinyamaza. Jambo la bibi alikuwa hajalifikiria kabisa, kwa sababu kwake macho hayo ni macho ya bibi, hayana rangi.

Jioni ya siku ya pili aliniletea ukurasa wa saba, na ukurasa huo ulinifundisha kitu nami. Alikuwa amerudi kwenye kitabu cha nne. Humo Bella mwenyewe anageuzwa kuwa kama Edward, na anapoamka na kujitazama kwenye kioo anaona macho yake ni mekundu sana. Hajaua mtu. Wekundu unatokana na damu yake mwenyewe ya ubinadamu iliyobaki mwilini, na unapungua kadiri miezi inavyokwenda. Aliandika: Babu, kumbe hata ndani ya kitabu alama haitoshi. Aliyemwona Bella siku ile bila kusoma mwanzo angemwua.

Nadhani hapo amegusa kiini cha jambo. Hadithi za kutisha zipo kwa kila taifa, na sioni kwamba tungekuwa watu wema zaidi tukizifuta. Tofauti iko katika mahali unapoishia kusikiliza. Mwenye panga ni msikilizaji aliyeishia ukurasa wa kwanza: ameona alama, akafunga kitabu. Sisi tuliosoma hadithi za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar tulipata funzo hilo kwa njia nyingine. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, maiti inaonekana penye mzimu na watu wako tayari kuamini ni kazi ya mizimu. Bwana Msa anawasha kiko chake, anauliza nani alikuwa wapi, na anamtafuta mtu. Ulikuwa ni mfululizo wa kujiburudisha tu, tena baadhi ya wakufunzi waliudharau. Lakini laiti kila kijiji cha Usukuma mwaka 1976 kingekuwa na Bwana Msa mmoja wa kuuliza shamba la marehemu linakwenda kwa nani.

Nasi Wasukuma tunayo hadithi yetu, kongwe kuliko zote hizi. Jitu Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote, likabakisha mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Mama akamzaa Masala Kulangwa, mtoto mwepesi wa kuelewa, na alipokua akaliwinda lile jitu, akaliua, akalipasua tumbo, watu wote wakatoka hai. Kila mtoto hapa anakijua kipande hicho. Wanaosahau ni wengi kwamba hadithi inaendelea. Alipokuwa akipasua, kisu kilimkata sikio kikongwe mmoja aliyekuwa ndani. Kikongwe akakasirika, akataka kumroga. Hapo shujaa alikuwa na kisu mkononi, umati wa watu aliowaokoa nyuma yake, na kikongwe mwenye hasira mbele yake. Kama angemkata kichwa, nani angemlaumu?

Masala Kulangwa hakufanya hivyo. Alikwenda porini kutafuta dawa, akarudi, akatibu sikio. Wazee waliotunga hadithi hii walijua uchawi unavyoogopwa, tena wao waliuogopa kuliko sisi. Hata hivyo waliona kwamba kikongwe mwenye hasira huenda ameumizwa, na kwamba kazi ya kijana mwenye akili ni kutazama jeraha kwanza.

Nimemwomba mjukuu wangu aandike kipande hicho cha mwisho kwa Kiswahili, ili awasomee wenzake bwenini wakati wanapozungushiana vile vitabu vinne. Amekubali, kwa sharti kwamba nami nisome cha kwanza mpaka mwisho. Nimefika nusu, na kamusi iko kando yangu.